Mashine Tuliyoipimia Kwenye Baridi

Jumatano Harith alinitumia ujumbe: "Nimeshafika Maskati. Ijumaa nakuja kula kwenu. Nna laptopu mpya, safari hii tunaisafisha kaseti ya Bibi, bint ami, hata ukipiga mayowe." Mtu mwingine akipata ujumbe kutoka kwa mtoto wa ami yake aliyepotelea Kanada miaka chungu nzima hupiga vigelegele. Mimi nilikwenda kitandani nikavuta shuka mpaka kidevuni, mchana kweupe, wali uko jikoni. Moyo ulinienda mbio kama nimeambiwa mwizi yuko ukumbini. Na mimi sasa ni mtu mzima. Hina naipaka kuficha, si kupamba. Lakini hofu ile niliitambua mara moja. Ilikuwa ileile ya mwaka wa mashine, imekaa chini ya kitanda miaka yote hii kama viatu vya harusi, na nilipoivaa nikakuta bado inanienea.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza skuli na sijaanza kitu kingine chochote. Wenzangu waliingia vyuoni, wengine wakaingia wizarani. Mimi nikaingia chumbani. Niliogopa kuendesha gari, na Bawshar, mtaa wetu wa Maskati, bila gari ni kama kisiwa, kwa hiyo safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni, na hiyo nayo naifanya nikiwa na sababu. Niliogopa lifti. Niliogopa simu ikilia. Mama aliwaambia wageni kwamba "Raya anapumzika," nao wakaitikia kwa sauti ya pole, kama vile nimetoka kufanyiwa operesheni. Harith, aliyekuwa akifanya kazi ghalani huko Rusayl kwenye viwanda, ndiye pekee aliyenicheka waziwazi, na kwa hilo nilimpenda. Kila akitoka kazini alipita kwetu na chai ya karak, ya maziwa na iliki, mkononi na mfuko wa vipande vya kompyuta, akaviunga mbele yangu kama mtu anayepika. Ndiyo tulivyopata mashine ile: haina ubavu, waya nje kama matumbo, imekaa juu ya zulia la majlis, sebule yetu ya wageni.

Sababu ya mashine ilikuwa Bibi Zuwena, na sababu ya Bibi ilikuwa kaseti. Zamani, kabla simu hazijawa rahisi, yeye na mdogo wake Bi Thureya aliyebaki Unguja hawakuandikiana barua, walirekodi. Msafiri akija, analeta kaseti imefungwa kwenye kanga pamoja na karafuu, na Bibi anaisikiliza chumbani kwake, mlango umefungwa, chetezo cha ubani kinafuka pembeni, kwa kuwa ile ni sauti ya mwanamke na maneno ya ndani, haiwekwi majlisini kila apitaye asikie. Na hakuwa anaisikiliza kimya. Kaseti ikisema "Hujambo Zuwena," yeye hujibu "Sijambo mdogo wangu." Kaseti ikiuliza "Miguu vipi?" yeye huikunjua miguu, akaieleza. Kaseti ya mwisho ilifika, akaisikia mara moja, kisha zikaja habari za msiba, na baada ya hapo hakuthubutu kuigusa. Mwaka ule masikio yakaanza kumwacha. Siku moja, tunakula samaki wa kupaka, akaweka tonge chini akasema, "Nataka nimsikie Thureya kabla masikio hayajafunga duka."

Harith akaifungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akaninong'oneza, "Njoo uone." Utepe ulikuwa unapukutika. Unga wa kahawia ulimbaki kidoleni. "Hii itapita mara moja," akasema. "Ya pili usiiombe." Tangu dakika ile sikulala vizuri mpaka mambo yalipokwisha.

Mpango wa Harith ulikuwa huu. Redio ya kaseti ya Bibi ilikuwa na tundu la waya lililokufa, kwa hiyo tutaweka maikrofoni mbele ya spika yake. Mashine itarekodi, na papo hapo itasafisha ule mvumo wa utepe na kumpelekea Bibi sauti safi kwenye vifaa vya masikioni, maana kwa masikio yale, bila kusafisha, atasikia upepo tu. Kungoja kusafishiwa baadaye Bibi alikataa, akasema Thureya hawezi kuzungumza chumbani kwake asimsikie; na kusafisha papo hapo kulitaka nguvu ambayo prosesa yetu haikuwa nayo. Prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote, na kiwandani huipangia kasi yake. Wapo watu, na Harith ni mmoja wao, ambao hawawezi kuona kasi iliyopangwa wakaiacha ilivyo. Akaipandisha. Akaniambia huku amefurahi kwamba sasa inakimbia kupita alivyotaka aliyeitengeneza. Mimi nikauliza kwani aliyeitengeneza alikuwa mjinga.

"Ndo maana tunaipima," akasema. "Tunaipa kazi ngumu kuliko zote duniani. Ikivumilia, imevumilia."

"Isipovumilia?"

"Inaganda. Au inazima. Au inatoa moshi."

Alilisema la moshi kwa mzaha. Mimi nikalichukua kama lilivyo, nikaenda kuleta jagi la maji. "Maji kwenye umeme!" Harith akapiga kelele. "Unataka kutuua kabla ya mashine?" Nikalirudisha, nikaja na ndoo ya mchanga wa bustani, nikakaa nayo karibu na mlango kama askari wa zimamoto.

Kabla ya kupima ilibidi tuchague cha kupimia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna wanaume dunia nzima wanaogombana juu ya jambo hili kama wako mnadani. Tulisoma mabishano yao kwa Kiarabu na kwa Kiingereza tukila mkate wa ufuta. Programu ya kwanza ilikuwa inatafuta namba tasa, zile zisizogawanyika, moja baada ya nyingine, haichoki, na hakuna kitu kinachoichemsha prosesa kama hiyo. "Jahannam yenyewe," Harith akasema kwa heshima. Ya pili ilijaza kumbukumbu ya mashine kwa takataka kisha ikairudia kuona kama takataka ziko palepale. Ya tatu ilichora picha ya chumba chenye vioo, mwanga ukiruka kutoka kioo hadi kioo. Nzuri kuangalia, lakini wale wanaume waliidharau, wakisema ni mtihani wa watoto. Mmoja aliandika kwamba asiyepima kwa namba tasa asijiite mwanamume. Harith akachagua namba tasa.

"Zote hizi," nikamuuliza, "mashine ikikosea, zinasema imekosea?"

"Zinasema. Zinajua jibu sahihi, zinalinganisha."

"Na ikikosea kwenye sauti ya Bi Thureya, nani anajua jibu sahihi?"

Harith akanitazama, akatafuna, akasema, "We bint una roho mbaya." Lakini sikuwa na roho mbaya. Mashine inayozima unaiona imezima. Niliyoiogopa ni ile itakayokosea huku taa zake zinawaka, imekaa na adabu zake.

Tukaiwasha baada ya chakula cha mchana. Feni ikalia kama mluzi wa birika, mimi nikiangalia ile namba ya joto inavyopanda kwenye skrini na kusoma kila dua niliyoikumbuka, pamoja na ya kupanda chombo. Pazia zilikuwa zimefungwa, AC ya majlis imewekwa mwisho wa baridi, tumejifunika mablanketi nje kukiwa hakukanyagiki kwa joto. Kutoka jikoni nilimsikia Mama kwenye simu: "Wapo majlisini, mlango wazi, usihofu. Hapana, si mambo hayo. Wanaangalia namba. Namba! Hapana, si namba ya simu. Wallahi namba tupu, na mmoja amekaa na ndoo ya mchanga." Akanyamaza akisikiliza. "Mimi nnajuaje? Ndo vijana wa siku hizi."

Ilipoadhiniwa Alasiri mashine ilikuwa ingali inatafuta namba zake, haijakosea hata moja. Siku ya pili, hivyo hivyo. Harith akacheza ngoma ya msewe katikati ya majlis. Ningekuwa mtu wa kawaida ningefurahi. Mimi niliona kwamba sasa hakuna kisingizio tena kilichobaki kati yetu na ile kaseti.

Bibi alipoambiwa mtihani umekwisha akasema, "Haya, mume wangu, mlete huyo mgonjwa wako chumbani." Alimwita Harith mume wangu na mimi mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu, na alikuwa akinionea wivu wa uongo kila Harith akinichekesha. Tukaibeba mashine mpaka chumba cha nyuma. Mlango ulipofunguliwa, joto likatupokea pamoja na harufu ya ubani na karafuu. AC ilikuwapo ukutani, lakini Bibi alikuwa ameivisha kanga kutoka juu mpaka chini. "Huyo kalala," alizoea kusema, "msimwamshe." Baridi ya AC, kwake, ilikuwa ya duka la nyama.

Nikasimama na kibodi mikononi, jasho linanitoka hata kabla sijaiweka chini, na ndipo hofu yangu ikapata pa kukaa. Tuliipimia kwenye baridi. Siku mbili nzima tumeitesa mashine ndani ya friji, na kazi yenyewe ni huku. "Harith," nikasema, "tupime tena. Humu humu. Na si kwa namba."

"Raya, imeshapita!"

"Imepita majlisini."

Nilimwomba kaseti isiyo na maana, na Bibi akatupatia moja ya matangazo ya mpira aliyorekodi ami yetu mmoja zamani. Tukairekodi. Kisha faili lile lile moja nikaiambia mashine ilisafishe mara mbili, na matokeo mawili tuyalinganishe. Sikulisoma popote. Ni mtu mwoga tu anayeuliza swali moja mara mbili ili aone kama jibu litabadilika. Mama yangu ananijua. Bibi akatia ubani kwenye chetezo, moshi ukavutwa na feni ukaingia ndani ya mashine ubavu hadi ubavu, na namba ya joto ikapanda mahali ambapo majlisini haikuwahi kufika.

Majibu hayakuwa sawa.

Mashine haikuzima. Haikuganda. Hakuna onyo lililotoka; kwenye skrini imeandika kwamba kazi imekamilika. Lakini mara ya kwanza mtangazaji alilitaja jina la mfungaji, na mara ya pili pale palikuwa na tik, kama mtu aliyebofya ulimi, na jina halipo. Limemezwa. Tukasikiliza tena na tena, Harith ameweka mkono kichwani.

"Kosa moja tu, bint ami," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Saa nzima, kosa moja."

"Na likimwangukia Bi Thureya?"

"Tumwombe Bibi awashe AC."

Bibi alikuwa amekaa mkekani, na kwa mtu ambaye masikio yanafunga duka alisikia vizuri sana. "Thureya hakupata kukaa na AC maisha yake," akasema. "Mnataka azungumze ndani ya friji?" Na kaseti kutoka chumbani mle kwenda majlisini, hilo hakuna aliyethubutu hata kulitaja.

Basi ikabaki njia moja, na ilinibidi mimi niiseme, kwa sababu Harith alikuwa amenuna. Nikachuchumaa mbele ya Bibi, nikasema kwa sauti kubwa. Nikamwambia mashine ikienda mbio itakusafishia sauti uisikie vizuri, lakini inaweza kumeza neno na isituambie. Tukiirudisha kasi yake ya kiwandani haitameza, lakini haiwezi kusafisha papo hapo, na huenda usisikie kitu ila mvumo. Na kaseti haitarudiwa. Nilikuwa sijawahi kumtaka mtu mzima aamue jambo kwa maneno yangu. Nikatamani mtu aje anichukue.

Bibi akanitazama. "Nitasikia nitakachosikia," akasema. "Asimezwe."

Harith akairudisha kasi, kama mtu anayemvua mtoto nguo za sikukuu. Alhamisi baada ya Alasiri tukafunga mlango. Maikrofoni mbele ya redio, Bibi sikio lake karibu ligusane na spika, chetezo kinafuka kwa sababu hakukubali Thureya apokelewe bila ubani. Harith akabonyeza. Mvumo ukaanza, na ndani ya mvumo, mbali, mwanamke akasema: "Assalamu alaykum, Zuwena. Hujambo?"

"Wa alaykumu ssalaam," Bibi akajibu, kwa sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. "Sijambo, Thureya! Sijambo mdogo wangu!"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Nikamwekea kidole mdomoni, nikampungia mikono, nikapiga magoti. Tulipima kila kitu kwenye mashine ile, hatukumpima Bibi. Kaseti ikauliza kama mvua imenyesha huko, naye akaieleza mvua. Kaseti ikasema paka wa jirani amezaa kabatini, naye akacheka mpaka akakohoa. Niliposhika mkono wake akanigeukia, akasema wazi, mbele ya maikrofoni: "Weye unanikataza kumjibu ndugu yangu?" Na hapo hapo Harith akaninyooshea skrini: joto linapanda hata kwa kasi ile ndogo. Feni ilikuwa imejaa moshi wa ubani. Ikizima sasa, utepe unaendelea kupukutika kwenye hewa tupu. Hakuna wa kusimamisha, maana kusimamisha na kuanza tena ndiko kungeukata.

Upepeo wa ukili wa Bibi ulikuwa ukutani. Nikauchukua nikaanza kuipepea mashine. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi nikahamia wa pili, machozi yananitoka, joto linashuka kidogo, likipanda nakaza. Nilipoonyesha kuchoka Bibi alisema bila kugeuka, "Pepea, mke mwenzangu, mbona umesita?" kisha akarudi kumwuliza Thureya habari za magoti. Hata leo sijui alisikia maneno mangapi. Alijibu kila kitu mahali pake. Mwishoni kabisa sauti ilisema, "Haya Zuwena, upande umekwisha. Nisalimie—" na utepe ukakatika, tap, ncha yake ikabaki inazunguka. Mimi nikapiga yowe. Bibi akafuta uso kwa kanga, akasema kwa utulivu, "Nitawasalimu."

Rekodi ilihifadhiwa nzima, haijamezwa hata neno, na nusu yake imefunikwa na sauti ya Bibi. "Tumeiharibu," Harith alisema ukumbini, na mimi niliamini hivyo. Kabla mwaka haujaisha alipata safari ya Kanada. Mashine ikabaki kwangu. Ndiyo ilinifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo, ya kuokoa kaseti za watu, humu humu nyumbani, watu wenyewe wananiletea mlangoni na mimi sijajifunza kuendesha gari. Wananisifu kwa uangalifu. Ningewaambia kwamba ni woga tu nimeupatia mshahara, lakini watapunguza malipo. Bibi aliisikiliza rekodi ile, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, hadi masikio yalipofunga kabisa, na baadaye naye akaenda zake. Mimi sikuifungua tena.

Ijumaa Harith akaja, tumbo limetangulia, nywele zimebaki nyuma. Tukala wali wa nazi na papa, akamtania Mama, kisha akasogeza sahani akaweka laptopu mezani, nyembamba kama trei. "Hii nimeipandisha kasi kidogo," akasema. "Nimeipima siku nzima."

"Umeipimia wapi?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Kanada, bint ami. Nje theluji." Nikatoa kopi ya rekodi, kopi tu, nikaishika kwa mikono miwili kama ni ile kaseti. Akabonyeza kitu kimoja. Hakuna feni iliyolia. Kabla sijameza chai, kazi ilikuwa imekwisha.

Bi Thureya akatoka mle safi, kama amekaa kwenye kiti cha nne. "Assalamu alaykum, Zuwena. Hujambo?" Kisha kimya. "Mvua huko imenyesha?" Kimya. Pale paka alipozaa kabatini, kimya, kirefu. Programu ilikuwa imeondoa mvumo, na upepeo, na ikaondoa kila kelele ya chumbani. Bi Thureya alikuwa anauliza na hakuna mtu. Mama aliyekuwa anakusanya mifupa akasimama na sahani mkononi.

"Rudisha," nikasema.

"Raya, ni kopi tu, ya asili ipo—"

"Harith, rudisha!"

Akarudisha, haraka, uso umembadilika. Mvumo ukaingia chumbani, na fyu, fyu, fyu ya upepeo, na Bibi Zuwena akaitikia kwa nguvu zote kutoka ng'ambo ya barabara: "Sijambo, Thureya! Sijambo mdogo wangu!" Mama akakaa chini. Tukawasikiliza wawili wale wanaelezana mvua na paka na magoti, mpaka Bibi aliposema, "Pepea, mke mwenzangu, mbona umesita?" na Harith akaniangalia, kisha akaangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chungu cha wali, naipepea laptopu yake.

"Hiyo haina joto," akasema taratibu.

"Najua," nikamwambia, na nikahamia mkono wa pili.